Kabla Hujamsema Mwenzako Kanisani

Watu wengi wanaotaka kuacha tabia ya kuhukumu wenzao huanzia mdomoni. Mtu anatoka ibadani Jumapili mahubiri yamemchoma, anaweka nadhiri kwamba kuanzia leo hamsemi mtu, na kweli anajikaza. Jumatano jioni kwenye jumuiya anaingia binti wa jirani, kitenge kimemkaza tumboni, na kabla wimbo wa pili haujaisha kesi imeshasikilizwa na hukumu imeshatolewa kichwani. Mdomo haujafunguliwa hata kidogo. Ila binti aliposema, "Shikamoo mama," aliitikiwa kwa sauti kavu, na akaelewa.

Ndiyo maana nadhiri ya kunyamaza haifiki mbali. Ulimi hupata habari wakati uamuzi umeshapita. Kazi yenyewe iko nyuma yake, kwenye ule muda mfupi sana kati ya kuona jambo na kuamua maana yake. Kwenye mabaraza ya wazee wa kanisa, kwenye usuluhishi wa wanandoa, kwenye vikundi vya akina mama na vya vijana, wanaobadilika ni wale waliojifunza la kufanya katika muda huo. Waliobaki huwa wahukumu wakimya, na hao ni wagumu zaidi kuwasaidia kwa sababu hawana cha kuombea radhi.

Biblia inaonyesha vizuri namna hukumu inavyotengenezwa, na anayeitengeneza si mtu mbaya. Katika 1 Samweli 1, kuhani Eli ameketi kitini pake penye mwimo wa hekalu kule Shilo. Mwanamke aitwaye Hana anaomba, midomo inacheza, sauti haisikiki. Eli aliona midomo tu. Hakuona kikombe wala hakusikia harufu ya divai. Yaliyobaki aliyajazia mwenyewe, pengine kutokana na watu aliozoea kuwaona msimu wa dhabihu, watu wakishakula na kunywa. Akamwambia aache ulevi. Hana akajibu kwa heshima kwamba hajanywa kitu, anaumimina moyo wake mbele za Bwana. La kumsifu Eli ni kwamba alibadilika palepale, akambariki. La kusikitisha liko sura ya pili: wanawe mwenyewe, Hofni na Finehasi, walikuwa wakilala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema, na wao aliwaonya kwa maneno bila kuwaondoa kazini. Mgeni alikemewa papo hapo. Anayekaa kwenye vikao vya usharika ataona mpangilio huo mara nyingi: mpangaji aliyehamia juzi anajadiliwa kwenye agenda, mtoto wa mzee wa kanisa anaombewa.

Zoezi linalosaidia kuliko mengine ni la daftari, na halihitaji kitu cha gharama. Daftari la kawaida la shule linatosha. Jioni, kabla ya sala ya kulala, chagua tukio moja tu la siku hiyo ambalo ulimfikiria mtu vibaya. Usichague matano, utachoka na kuacha wiki hiyohiyo. Liandike kwa mafungu matatu: nilichoona au kusikia kwa masikio yangu, nilichojazia, nisichokijua. Dakika kumi zinatosha. Usiandike jina la mtu, wala herufi ya kwanza ya jina. Daftari likiokotwa na mke, mume au mtoto, ugomvi utakaozuka utakuwa mkubwa kuliko dhambi uliyokuwa ukiitibu.

Fungu la kwanza ndilo linalowashinda wengi. Wanaandika, "Alikuja kanisani kwa dharau." Dharau haionekani kwa macho. Kilichoonekana ni kwamba aliingia wakati wa somo la pili, akapita katikati, akakaa mbele. Au wanaandika, "Alitoa mchango mdogo wa msiba makusudi." Kilichoonekana ni kiasi kilichosomwa kwenye orodha, neno "makusudi" ni la fungu la pili. Ukilazimika kuhamisha maneno yako kutoka fungu hadi fungu kwa wiki kadhaa, mkono unaanza kusita wenyewe. Fungu la tatu nalo huanza likiwa na mstari mmoja wa kinafiki, "labda ana matatizo," kisha polepole linakuwa refu kuliko mengine. Hujui kama amelipwa mshahara. Hujui aliyemlea. Hujui alilala saa ngapi akimuuguza nani.

Mmonaki mmoja wa karne ya 6, Dorotheo wa Gaza, aliligawa tatizo hili kwa namna ambayo haijazeeka. Alisema kuna kumsema mtu kwamba amedanganya; kuna kumhukumu kwamba ni mwongo, yaani kuyachukua maisha yake yote na kuyaweka ndani ya tendo moja; na kuna kumdharau, ambako moyo unaongeza kinyaa juu ya hukumu. Ya kwanza ni mbaya, ya pili ni mbaya zaidi, ya tatu ndiyo inayoua. Faida ya mgawanyo huu ni kwamba unakuonyesha pa kurudi nyuma. Ukijikuta unasema moyoni "yule mlevi," rudi hatua moja: "Jumamosi alikuwa amelewa." Jumamosi ni siku moja. Kesho anaweza kuamka mzima, akaja kukusaidia kubeba jeneza.

Na kinyaa kina dalili za mwili. Mtu hukunja pua, hubana mkoba, huhamisha kiti, huangalia simu wakati mwenzake anatoa ushuhuda. Ukiona mwili wako unafanya hivyo, usianze kwa kujilaumu. Anza kwa kufanya kinyume kwa mwili uleule: sogea, mpe mkono, muulize habari za nyumbani kwa jina. Moyo hufuata baadaye, na wakati mwingine huchelewa sana.

Baada ya kutenganisha ulichoona na ulichojazia, kinachofuata ni kuuliza, na hapa wapo watu wawili wa karne ya 16 ambao hawakuwa marafiki wa kiimani hata kidogo lakini walisema karibu jambo moja. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, anafafanua amri ya kutomshuhudia jirani uongo (ya nane kwa Walutheri na Wakatoliki, ya tisa kwa Waanglikana na wengi wa Wapentekoste) kuwa inatudai pia tumtetee jirani, tumsemee mema na kuyapokea mambo yake kwa tafsiri iliyo njema. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika Katoliki la Wajesuiti, katika kitabu chake Mazoezi ya Kiroho, anaweka sharti mwanzoni kabisa: Mkristo awe mwepesi zaidi kuitetea kauli ya mwenzake kuliko kuilaani, akishindwa kuitetea, amuulize anaielewaje, ikionekana kweli ina kosa, amrekebishe kwa upendo. Mpangilio huo wa Ignasi una thamani kubwa kwa sababu tafsiri njema inatangulia swali, na swali linatangulia karipio. Sisi huanza na karipio, swali tunaliweka mwishoni kama fimbo: "Kwa nini uko hivyo lakini?"

Namna ya kuuliza inafundishwa vizuri na Yoshua 22, sura ambayo haihubiriwi mara nyingi. Makabila ya Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, wakirudi kwao ng'ambo ya Yordani, walijenga madhabahu kubwa ya kuonekana. Israeli waliobaki waliposikia walikusanyika Shilo tayari kwenda vitani, maana madhabahu ya pili ilikuwa na sura ya uasi. Bahati nzuri, kabla ya panga walimtuma Finehasi mwana wa Eleazari (si yule wa Eli) pamoja na wakuu kumi, mmoja kwa kila kabila. Walikwenda wenyewe. Walieleza hofu yao waziwazi, wakitaja Peori, walikoabudu miungu mingine wakapigwa na tauni, na Akani, ambaye wizi wake uliwaponza wote, yaani majeraha yaliyowafanya waogope. Tena walitoa njia ya kutokea: kama nchi yenu ni najisi, vukeni tugawane yetu. Kisha wakasikiliza. Jibu lilikuwa kwamba madhabahu ile si ya dhabihu, ni ushahidi, ili siku za mbele watoto wa magharibi wasije wakawaambia watoto wa mashariki kwamba hawana sehemu kwa Bwana. Wajumbe waliporidhika walirudi na kusema wameridhika. Hawakuacha mtu wa kuchunguza. Kosa lao ni moja, walikusanya jeshi kwanza. Sisi jeshi letu ni simu: tunawapigia watatu "kupata ushauri" kabla ya kumpigia mhusika.

Kwa hiyo nenda mwenyewe, na nenda ukiwa na swali ambalo kweli hujui jibu lake. "Mbona hukuja msibani?" ni shitaka lililovaa nguo za swali. "Tulikukosa msibani, kwema huko?" inaacha mlango wazi. Usiulize mbele ya watoto wake. Usiulize kwa ujumbe wa maandishi, kwa sababu maandishi hayana sauti na msomaji ataipa sauti ya hofu yake. Kama aliyekukwaza ni mkubwa kwako kwa umri, mila zetu haziruhusu kijana akamkabili baba au mama wa watu, na hakuna dhambi kupitia kwa mtu mzima wa rika lake. Ila mtu huyo awe mmoja, na apewe swali, asipewe hukumu akaibebe. Wapo wanaosema "nilimtuma shangazi akamuulize" kumbe shangazi alipewa hadithi nzima yenye mwisho wake.

Sala ndiyo dawa, na sala ndiyo maficho makubwa ya ugonjwa huu. Maombi ya "tumkumbuke dada yetu fulani, mnajua anayopitia kwenye ndoa yake" yanasambaza habari kwa kasi kuliko baraza la kahawa, na hakuna anayeweza kuyapinga kwa sababu macho yamefumbwa. Kuna kipimo rahisi: je, ungeomba maneno hayohayo kama anayeombewa ameketi pembeni yako? Kama hapana, yaombe ukiwa peke yako au ubadilishe maneno. Kiongozi wa jumuiya anaweza kuweka utaratibu kwamba mwenye hitaji ndiye analitaja, au awe amemruhusu mwenzake kwa kinywa chake alitaje. Mahali utaratibu huu ulipowekwa, wiki za kwanza maombi huwa mafupi ajabu. Vumilia. Baadaye watu huanza kutaja mambo yao wenyewe.

Ukiwa peke yako, muombee mtu mahitaji yake kabla ya kuombea tabia yake. Ada ya shule, mgongo unaomsumbua mama yake, mvua kwenye shamba lake. Anayeanza na "Bwana mbadilishe" huwa anaendelea na kesi yake mbele ya hakimu wa juu zaidi. Farisayo wa Luka 18 alikuwa anaomba kweli, tena alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka. Tatizo ni kwamba alikuwa na mtoza ushuru ndani ya sala yake. Mtoza ushuru hakuwa na Farisayo ndani ya yake. Alisema tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi."

Waorthodoksi, ambao wana parokia nyingi Kenya, Uganda na hata Tanzania, wana sala ya Kwaresima inayotajwa kuwa ya Efraimu Mshami. Mwisho wake humsihi Mungu amjalie mwombaji ayaone makosa yake mwenyewe wala asimhukumu ndugu yake, na husaliwa kwa kusujudu hadi chini. Si lazima uwe Mworthodoksi kuitumia. Kusujudu kuna kazi yake pia: ni vigumu kumtazama mtu kwa jicho la juu paji la uso likiwa sakafuni.

Kisha kuna kuungama, na juu ya hili Afrika Mashariki ina historia yake yenyewe, nzuri na mbaya. Uamsho uliochomoza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, baada ya Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Joe Church kuomba na kusoma Maandiko pamoja Kampala mwaka 1929, ulienea Uganda, Burundi, Kenya na hadi Bukoba. Nguvu yake ilikuwa mtu kusimama na kutaja dhambi yake kwa jina lake, kisha wenzake kuimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Festo Kivengere, ambaye baadaye alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi, alisimulia kwamba baada ya kuokoka alipanda baiskeli, akaenda safari ndefu kumwomba radhi mzungu aliyekuwa akimchukia. Hakwenda kumweleza mzungu makosa ya wazungu, ingawa yalikuwepo. Alikwenda na la kwake.

Lakini palepale palipokuwa na moto, hukumu ilijipikia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, walifukuzwa, akiwemo William Nagenda, mmoja wa wahubiri wa uamsho huo. Walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri dhidi ya dhambi za chuo, uongozi ukawakataza, nao hawakutii. Wao waliuona uongozi umepoa, uongozi uliwaona wakorofi, na kila upande ulikuwa na aya zake. Baadaye miongoni mwa waliookoka wenyewe walitokea waliodai kuwa wenzao wamelala, na ushirika ukagawanyika. Somo lake kwa wanaofanya vikundi vya kuungama leo liko wazi: siku ushuhuda unapokuwa kipimo cha kumjua nani ameokoka na nani bado, kikundi kimeanza kuoza. Dalili ya kwanza ni ushuhuda unaohusu dhambi ya mtu mwingine: "Nilimchukia mume wangu kwa sababu ya ulevi wake, na umalaya wake, na jinsi anavyokula mshahara." Hapo aliyeungamiwa ni mume. Kiongozi mwenye busara humkatisha kwa upole, "Mama, tupe ya kwako, ya baba atatupa mwenyewe." Dalili ya pili ni dhambi zilezile zinazokubalika kila wiki, hasira kidogo, uvivu wa kusoma Neno. Watu wakiona kwamba dhambi nzito zinaleta ukimya na macho, hujifunza kuleta nyepesi.

Kikundi cha watu watatu hadi watano, wa jinsia moja, hufanya vizuri kuliko cha ishirini. Wakubaliane tangu mwanzo kwamba yaliyosemwa hayatoki, isipokuwa mtu yuko hatarini. Kwa Wakatoliki kitubio tayari kina ulinzi huo, na ipo faida ya kumwambia padre "nimewahukumu watu" kwa kutaja mara na namna, badala ya kuifunga ndani ya "na dhambi nyingine zote."

Sasa nidhamu ya kanisa, maana ndipo hukumu inapovaa joho. Makanisa mengi yetu yana utaratibu wa kumtenga mtu na Meza ya Bwana na baadaye kumrudisha kundini. Utaratibu wenyewe una msingi: Mathayo 18:15-17 inataja hatua, nenda wewe na yeye peke yenu, akikataa, chukua mmoja au wawili, akikataa, liambie kanisa. Wagalatia 6:1 inataka mrejezaji awe na roho ya upole, akijiangalia asije akajaribiwa mwenyewe. Kinachoharibika ni utekelezaji. Hatua mbili za kwanza zinarukwa, jambo linatua kwenye kikao, na kikao kina watu kumi na mmoja wenye wake na waume nyumbani. Msichana aliyepata mimba anasimamishwa mbele ya usharika, na kijana aliyempa mimba anaendelea kuimba besi kwenye kwaya. Huo ni uonevu, hata kama umeandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu na kupigwa muhuri.

Baraza linaloanza kujirekebisha lifanye mambo machache kwa ukali. Katibu asipokee jambo kwenye ajenda bila kuandikiwa nani alikwenda kwa mhusika peke yake na lini. Mtu wa familia ya mhusika, na mwenye ugomvi naye, atoke nje. Wawili wakikosa pamoja, waitwe wote au asiitwe yeyote. Tarehe ya kumtembelea aliyetengwa iandikwe siku ileile anapotengwa, pamoja na jina la atakayekwenda, kwa sababu bila jina hakuna atakayekwenda. Na akirudishwa, atangaziwe mahali palepale na kwa sauti ileile aliyotengwa nayo. Paulo, katika 2 Wakorintho 2, aliwaambia adhabu ile iliyotolewa na wengi inatosha, wamsamehe na kumfariji mtu yule asije akamezwa na huzuni. Kanisa la Korintho lilijua kuadhibu; kusimamisha adhabu ndiko kulikohitaji barua.

Inasimuliwa pia kuhusu Musa Mwethiopia, jambazi wa zamani aliyekuwa mmonaki jangwani Sketes, Misri, karne ya 4. Ndugu mmoja alikosa, wazee wakaitisha kikao, wakamwita Musa. Alifika amebeba mgongoni kikapu kilichotoboka chenye mchanga. Walipomuuliza, alisema dhambi zake zinamwagika nyuma yake na hazioni, naye leo amekuja kuhukumu makosa ya mwingine. Kikao kikavunjika. Simulizi hii hupendwa sana, na hutumiwa vibaya sana.

Maana kuna watu wanaopenda "msihukumu" kwa sababu zao. Mweka hazina asiyetoa taarifa ya fedha anaipenda. Mhubiri anayeulizwa kuhusu sadaka ya ujenzi anaipenda, na huongezea Zaburi 105 kwamba masihi wa Bwana wasiguswe. Mume anayempiga mkewe huitafuta. Yesu aliyesema msihukumu ndiye aliyesema katika Yohana 7:24 tusihukumu kwa macho tu, bali tuhukumu hukumu ya haki. Na hata kwenye kibanzi na boriti, mwisho wa jambo ni kwamba kibanzi nacho kinatolewa. Kwa hiyo kuomba hesabu za sadaka si kuhukumu. Mtoto akidhulumiwa, au mtu akipigwa nyumbani, hatua za Mathayo 18 hazitumiki kumrudisha aliyeumizwa akakae peke yake na aliyemuumiza. Linakwenda polisi, na Tanzania kuna madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo kwa kazi hiyo. Unaweza kusema tendo ni uovu na ukamlinda aliyetendewa, huku ukikataa kumchukia mtendaji. Kivengere alilazimika kujifunza hilo kwa gharama. Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda, Janani Luwum, alipouawa Februari 1977, yeye alikimbia Uganda akiwa na uchungu mkubwa dhidi ya Idi Amin, na alisimulia kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa London, alitambua kwamba lazima amsamehe. Hakuacha kuueleza ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka Uganda.

Kuhusu kikundi cha WhatsApp cha usharika, sheria moja inatosha. Katika seminari ya siri ya Finkenwalde, Ujerumani, ambayo mchungaji Mlutheri Dietrich Bonhoeffer aliiongoza kuanzia 1935 hadi polisi wa Hitler walipoifunga 1937, walikubaliana kutomzungumzia ndugu asiyekuwepo, na ikitokea mtu amefanya hivyo, akamwambie mwenyewe. Ihamishieni kwenye simu: hakuna kumjadili asiyemo kwenye kikundi, na anayetuma picha ya mtu bila ruhusa anaifuta. Msimamizi asikemee hadharani, amwandikie pembeni.

Utarudia, na ni vizuri kujua lini. Watu hurudia wakiwa wamechoka, wameumizwa au wanajisikia wamesahauliwa, na msimu wa harusi na michango ni mbaya kuliko Kwaresima nzima. Hurudia pia kwa njia moja ya ajabu: aliyefaulu kidogo anaanza kuwahukumu wanaohukumu. Anakaa kwenye kikundi akiwatazama "hawa wambea" na kumshukuru Mungu kwamba yeye siku hizi hayuko hivyo. Tiba ni ileile ya daftari, na kwa kawaida fungu la tatu linaonyesha kwamba mmbea naye hujui anakimbia nini.

Ukishatoa hukumu na ikabainika ulikosea, nenda kwa wale uliowaambia, mmoja mmoja, uwaambie, "Nililokwambia kuhusu fulani sikulijua, nililibuni." Inaumiza, na ndiyo sababu inafanya kazi. Kwa mhusika mwenyewe, nenda tu kama habari zilimfikia au zilimpunguzia kitu, kazi, mchumba, nafasi kwenye kwaya. Kama hajui lolote, usimwendee ukamwambie kwamba miaka mitatu ulikuwa unamwona mchawi. Utaondoka mwepesi, yeye utamwachia mzigo. Hilo mwambie Mungu na mwenzako mmoja wa kikundi, kisha mpelekee mhusika kitu kingine: salamu, nusu siku ya kumsaidia kuvuna, au kiti pembeni yako Jumapili.